Ufa Hauzinduliwi

Wewe hukuona. Najua. Ulipita pale asubuhi, ukasikia watoto wakikariri jedwali la saba, ukageuza shingo upande wa pili ukaanza kukagua nyanya za watu. Jioni ulipopita tena ulikuwa na simu sikioni. Shingo yako ina uzoefu, ndugu msomaji. Inajua pa kugeukia bila kuambiwa na kichwa. Hata siku ukuta wa shule ya Ngongombele ulipoanguka, uliuliza tu ni mkoa gani huko, na ulipoambiwa ni mbali, ukashusha pumzi, ukaomba uongezewe chai.

Basi kaa hapo nikusimulie habari za nchi ambayo si yetu. Kwetu mambo ni shwari, kila mtu anajua, na asiyejua hufundishwa. Nchi ninayoisema iko huko iliko, ina bendera, ina wimbo, na watu wake wana adabu kiasi kwamba mtu akikanyagwa mguu ndiye anayeomba radhi.

Nchi hiyo huongozwa kwa methali. Si aibu, zipo zinazoongozwa kwa pungufu ya hapo. Kila wizara hupewa methali yake na kuitekeleza. Wizara ya Afya ilipewa ile ya kinga ni bora kuliko tiba, ikaondoa tiba. Wizara ya Chakula ilipewa haba na haba hujaza kibaba, ikaenda ikapunguza kibaba. Na Wizara ya Elimu ikaangukiwa na hii: usipoziba ufa utajenga ukuta.

Wataalamu walijifungia hotelini wakaila methali hiyo pamoja na kuku. Walipotoka walikuwa na tafsiri. Mtu akiziba ufa, walisema, hajengi kitu. Asipoziba, anajenga ukuta. Sasa serikali ipo kwa ajili ya nini kama si kujenga? Tangu siku hiyo, kuziba ufa katika jengo lolote la shule kukawa ni kuhujumu maendeleo, na walimu wakuu waliokutwa na mwiko na ndoo ya udongo walihamishiwa kusikofika gari.

Waziri mwenyewe, Mheshimiwa Gervas Mapande, aliliweka jambo hilo vizuri alipohutubia taifa. "Ufa hauzinduliwi," alisema. "Nionyesheni nchi moja duniani ambako kiongozi alikata utepe mbele ya ufa uliozibwa. Wananchi waje waangalie nini? Kitu kisichokuwepo? Ukuta ndio unaozinduliwa."

Watu walipiga makofi. Mwalimu Tunu Mkwizu wa Shule ya Msingi Kisukusuku, ambaye siku hiyo alikuwa amesimama kwenye jua na watoto wake wa Darasa la Tatu waliopelekwa kujaza uwanja, hakupiga. Si kwamba alikuwa jasiri. Alikuwa amewashika watoto wawili mkono.

*

Tunu alikuwa na sababu zake za kuogopa kuta. Alianza kazi Ngongombele. Ndiyo, huko huko mbali. Alikuwa mwalimu mgeni, hata chaki haijamzoea vidole, na siku hiyo ameuliza darasa swali dogo la kugawanya. Msichana mmoja, Pili Mwasumbi, akanyoosha mkono. Ukuta ukaja. Walipofukua, Tunu akifukua kwa kucha, walimkuta Pili mkono wake bado umenyooka, anangoja kuitwa.

Huyo Pili hamumkumbuki. Ila ukuta mpya uliojengwa pale mnaukumbuka, maana una kibao cha shaba: Ukuta wa Mapande. Mheshimiwa alikuwa bado Mkuu wa Wilaya wakati huo. Aliuzindua kwa utepe wa rangi tatu, na kwa kazi hiyo nzuri ya ujenzi akapewa uwaziri.

Sasa Kisukusuku nako kulikuwa na ufa. Ulianzia chini ya dirisha la Darasa la Tatu, ukapanda kwa kupinda kama mtu anayetafuta njia, ukafika darini. Mwanzoni watoto walificha humo penseli zao. Baadaye wakawa wanaingiza mkono hadi kwenye kiwiko wakizitafuta. Mvua zikinyesha, Tunu aliusikia ukuta ukihema.

Alikwenda kwa Afisa Elimu wa Wilaya, Bwana Kibindo, mtu mpole mwenye feni mbili ofisini, moja yake na moja ya picha ya Rais.

"Shikamoo, bwana afisa."

"Marahaba, mwalimu. Ufa wetu hajambo?"

Tunu akamweleza kwamba sasa unaingia mkono.

"Wa mtoto au wa mtu mzima?"

"Wa mtoto."

"Basi bado mchanga huo," Bwana Kibindo alisema kwa upole. "Usiuharakishe, mwalimu. Ulee."

Akarudi tena, na tena. Alisema watoto wahamishwe darasa, akaambiwa darasa lingine ni ghala la mabango. Alisema basi wasome nje, akaambiwa elimu ya nje ni kwa wenye viza. Katika nchi hiyo mtu anayeuliza sana hupelekwa mahali pawili tu: gerezani au safarini. Mwaka ule gereza lilikuwa limeshajaa watu wanaouliza. Kwa hiyo siku moja Bwana Kibindo alifika mwenyewe Kisukusuku, akampa Tunu mkono wa pongezi mbele ya walimu wenzake, na kumtangazia kuwa ameteuliwa kwenda ng'ambo, katika Ujumbe wa Walimu wa Kubadilishana Utamaduni, akatembelee shule za huko na kujifunza.

Tunu alifikiri jambo moja tu. Waziri angekuwamo kwenye msafara. Mtu akikaa na waziri kwenye ndege hiyohiyo, siku zote hizo, atakosaje dakika ya kumwambia kuhusu ukuta?

*

Ujumbe wa Walimu ulikuwa hivi. Kiongozi, Mheshimiwa Mapande. Shemeji yake wa kike, mtaalamu wa malezi, kwa kuwa alikuwa na watoto wengi na mayaya wengi zaidi. Tajiri mmoja anayeuzia serikali chaki, ambaye aliitwa mdau. Wanaume wawili wa miwani myeusi waliotambulishwa kama walimu wa nidhamu. Kikundi cha ngoma. Na mkalimani, Bwana Stambuli, mtu mwenye lugha saba na msimamo wa yeyote aliyesimama karibu naye.

Aliyewahi kuingia darasani na chaki mkononi alikuwa Tunu peke yake. Uwanja wa ndege Mheshimiwa alimtazama, akanong'ona kuuliza huyu ni mke wa nani. Alipoambiwa ni mwalimu, alishangaa kwa furaha.

"Mwalimu kabisa? Wa darasani? Wazo zuri sana. Anatupa uhalisia."

Kisha akapelekwa chumba cha wageni mashuhuri, na Tunu akapelekwa mkiani mwa ndege karibu na choo, kwa hiyo dakika ile ya kuzungumza haikupatikana.

Walipotua waligawiwa sare: kitenge cha taifa chenye picha ya Rais, gauni kwa wanawake na kanzu fupi kwa wanaume. Kilishonwa na fundi mwenye undugu na wakubwa. Ni fundi huyo aliyekata kitambaa bila kupima, ikatokea kwamba uso wa Rais, ukitabasamu, ulikaa sawasawa mahali ambapo binadamu hukalia. Wote waliona. Hakuna aliyesema, kwa sababu ya ule undugu. Badala yake, asubuhi yake ulitolewa waraka wa dharura kwamba ni marufuku kwa mjumbe yeyote kukalia uso wa Mkuu wa Nchi katika ardhi ya kigeni, na kwamba kubadilisha sare ni kosa lilelile.

Ikabidi ujumbe usimame.

Walisimama ndani ya basi, wakining'inia kama nguo kwenye kamba. Walisimama kwenye chakula. Katika shule ya kwanza wenyeji waliwaletea viti vizuri vyenye mito, wakakataa. Wenyeji wakaleta vingine. Mwishowe mwalimu mkuu wa pale akauliza kwa heshima kama kuna tatizo, na Bwana Stambuli, bila kumeza mate, akamjibu kuwa kwetu kusimama ndiyo heshima kuu kwa elimu; mtu anayekaa mbele ya maarifa huonekana hana shukrani.

Wenyeji waliguswa mno. Wana tabia hiyo ya kuguswa. Mwalimu mkuu aliinuka, walimu wote wakainuka, na watoto wakaambiwa nao wasimame kwa heshima ya wageni. Habari ikatangulia. Shule ya pili waliwakuta watoto tayari wamesimama. Shule ya tatu viti vilikuwa vimeshaondolewa ukumbini na kurundikwa nje, na bibi mmoja wa bodi ya shule, mwenye fimbo, alisimama kutoka mwanzo wa hotuba ya Mheshimiwa hadi mwisho wake, jambo ambalo hata nchini kwa Mheshimiwa kijana hawezi. Gazeti la mji liliandika juu ya hekima ya kale ya wageni. Hivyo ndivyo utamaduni ulivyobadilishanwa.

Miguu ya Tunu ilivimba. Lakini macho yake hayakuchoka. Aliangalia dari, akaangalia pembe za kuta, akaangalia milango inafungukia upande gani. Watoto wa huko walimuuliza kama amewahi kumwona simba, akasema ndiyo, kwenye kiberiti. Walimpa penseli zilizobaki vipande na nguo walizochoka nazo, wakamwonea huruma ile inayomwangalia mtu kama bango. Aliona watoto wakitupa mkate mzima kwenye pipa. Haikuwa pepo. Ilikuwa nchi tu, ila watoto wake wakiingia darasani hawaangalii juu.

*

Shule ya mwisho ilikuwa ya zamani, ya matofali, na darasa walilopelekwa lilikuwa la watoto wenye umri wa wale wake. Mwalimu wa pale, Bi Hedvi, alikuwa mwanamke mrefu mwenye unga wa chaki kwenye nyusi. Tunu aliingia, akasimama na wenzake ukutani, akageuka, na chini ya dirisha akauona ufa.

Ulikuwa mwembamba kama unywele. Kwa mara ya kwanza tangu ashuke ndege Tunu alijisikia nyumbani.

Kisha akaona kitu asichokijua. Juu ya ule ufa, kukatisha, kulikuwa na kipande cha kioo, kirefu kama kidole, kimegandishwa kwa plasta ncha zote mbili, huku na huku. Kabla ya somo kuanza msichana mmoja aliondoka mstarini, akaenda akainama mbele ya kile kioo, akakitazama vizuri, akarudi na kutamka neno moja. Darasa zima likaitikia. Ndipo Bi Hedvi akafungua kitabu.

Bwana Stambuli aliueleza ujumbe kuwa hiyo ilikuwa sala. Mtaalamu wa malezi akasema amina.

Tunu hakuridhika. Alimwomba Bwana Stambuli aulize kile kioo ni cha nini, na Bwana Stambuli, akiwa hajaona hatari yoyote katika kipande cha kioo, akauliza na kutafsiri kama ilivyo. Bi Hedvi alisema jengo lao ni la siku nyingi. Ufa wenyewe haumwambii mtu kama ukuta umetulia au unatembea, kwa sababu macho huzoea. Lakini kioo hakijui kunyumbuka. Ukuta ukisogea hata kidogo, kinapasuka. Kwa hiyo kila asubuhi mtoto wa zamu anakikagua. Kikiwa kizima, wanasoma. Kikipasuka, wanatoka wote, na hakuna anayerudi mle ndani mpaka wajenzi waseme.

Mheshimiwa Mapande alisikiliza kwa masikitiko makubwa. Aliomba nafasi ya kusema machache, akasema mengi. Alisema ameumia moyo kuona taifa tajiri namna hii linavyouua ukuta ukiwa bado tumboni. Alisema katika kutembea kwake kote humo nchini hajaona kibao kimoja cha uzinduzi wa ukuta wa darasa, na sasa ameelewa kwa nini. Watawakumbukaje viongozi wao? Akaahidi kuwaletea wataalamu. Bwana Stambuli alitafsiri yote hayo kwa maneno matatu, na wenyeji wakatabasamu.

Sasa yule msichana wa zamu akanyoosha mkono.

Tunu alipouona ule mkono umenyooka, alimwona Pili. Msichana aliuliza swali akimtazama yeye, kwa sababu watoto hujua mwalimu ni nani hata umvishe nini. Na Bwana Stambuli, kwa mazoea ya kazi, akalitafsiri kabla hajalifikiria.

"Anauliza, kwenu kioo kikipasuka huwa mnakwenda wapi?"

Walimu wa nidhamu wakavua miwani. Mheshimiwa akageuza kichwa taratibu, akamwangalia Tunu kana kwamba ndiyo kwanza anamwona. Tunu alijua kabisa kilichopo pale. Akisema kwetu hakuna nyufa, atarudi na kazi yake na huenda na cheo. Akisema kweli, hajui atarudi na nini. Lakini mkono wa yule mtoto ulikuwa bado juu.

"Kwetu hakuna kioo," Tunu alisema. "Darasa langu lina ufa unaoingia mkono. Nimeomba mwaka mzima watoto watolewe, nimekataliwa. Ukuta utaanguka na wao wakiwa ndani. Mwambie hivyohivyo, Bwana Stambuli."

Bwana Stambuli alizungumza muda mrefu, akinyanyua mikono, na alipomaliza watoto walipiga makofi kwa furaha. Baadaye ilijulikana alichowaambia: kwamba kwetu kuta ni imara kiasi kwamba mtoto anaweza kuingiza mkono ukutani akausikia moyo wa taifa.

Tunu hakuijua lugha yao, ila makofi aliyajua. Hakuna mtu anayepigia makofi ukuta unaoanguka. Akaenda ubaoni bila kuitwa, akachukua chaki. Alichora ukuta. Alichora ufa, kutoka chini hadi juu. Chini yake akachora watoto, vichwa vidogo vingi, akaweka chaki chini.

Bwana Stambuli alifuata mkono wake kwa maelezo: hii ni ramani ya nchi yetu, na huu unaopinda ni mto mkuu, na hivi vya duara ni viboko, fahari yetu, wakioga. Watoto wakaombwa waunakili mto huo kwenye madaftari.

Bi Hedvi hakupiga makofi. Alisogea ubaoni, akaweka kidole juu ya ufa, akakishusha polepole mpaka kwenye vile vichwa, kikaishia hapo. Akamgeukia Tunu, akasema kitu kwa sauti ya chini.

"Anauliza kama mto huo una samaki," Bwana Stambuli alisema.

Lakini hakuna mtu duniani anayeuliza habari za samaki kwa uso kama ule. Tunu akatikisa kichwa kukubali. Bi Hedvi akafungua droo ya meza yake, akatoa kipande kingine cha kioo, cha akiba, akakizungushia skafu yake aliyoivua shingoni, akamwekea Tunu mkononi na kuvifunga vidole vyake juu yake.

"Kioo," Mheshimiwa alisema, akicheka kwa kupumua. "Vizuri sana. Wanawake popote walipo watajitazama tu."

*

Waliporudi nchini walipokelewa kwa ngoma, na Mheshimiwa akatoa taarifa ya mafunzo yaliyopatikana. Jambo kubwa, alisema, ni hili: katika shule zote za ng'ambo walizozitembelea, wanafunzi husoma wamesimama. Wameshuhudia kwa macho yao. Shule nyingine zimefikia hatua ya kutupa viti nje kabisa. Hiyo ndiyo siri ya maendeleo yao, nasi tumekuwa tukiwalemaza watoto wetu kwa madawati.

Mnakumbuka malori? Hamkumbuki, basi mimi nakumbuka kwa niaba yenu. Malori yalizunguka shule baada ya shule yakabeba madawati, na baadaye mbao zake zikaonekana kwenye uzio wa mtaalamu wa malezi. Lori lilifika Kisukusuku mchana watoto wakiandika insha. Waliambiwa wainuke, na kuanzia hapo hawakukaa tena.

Fikiria mwenyewe, wewe uliyekaa hapo unasoma. Mtoto wa miaka tisa, hajala kitu tangu jana jioni, anasimama kutwa. Atafanya nini? Ataegemea. Na darasani hakuna kingine cha kuegemea isipokuwa ukuta. Tunu aliporudi darasani kwake aliwakuta wamejipanga kwa migongo, mstari mzima, wengine wamesinzia, vichwa vyao kwenye ufa.

Aliwavuta mmoja mmoja. Kesho yake walikuwa wameegemea tena. Hapo ndipo alipochukua udongo na simenti kidogo, akagandisha kile kioo juu ya ufa, ncha huku na ncha huku. Akawafundisha watoto kama alivyoona. Mtoto wa zamu akatoka mstarini, akainama, akatazama, akarudi akasema, "Kizima." Darasa likaitikia, "Tusome." Walilipenda jambo hilo kuliko hesabu.

Haukupita muda. Siku moja asubuhi mtoto wa zamu aliinama akachelewa kuinuka. Kioo kilikuwa kimepasuka katikati, safi, kama kimekatwa na fundi.

Tunu aliwatoa wote. Aliwapeleka uwanjani, nyuma ya goli, akawakalisha chini kwenye nyasi, na kukaa kwenyewe kuliwafanya wacheke. Alifundisha hapo kwa kuandika mchangani. Wazazi waliokwenda shambani walipita wakaona. Mmoja wao, Mama Tausi, ambaye mwanawe alikuwa darasani humo, alisimama na jembe lake begani akamwita pembeni.

"Mwalimu, sisi si vipofu. Ule ukuta tunauona," alisema. "Lakini mtoto akitoka darasani bila kibali wanamfuta jina, na akifutwa jina hana shule nyingine. Wewe mwenzetu umeshapanda ndege. Sisi tukigombana na watu hawa tunakwenda wapi?"

"Nikimrudisha ndani, Mama Tausi, utakuja kumfukua mwenyewe."

Mama Tausi alimtazama mwanawe muda mrefu, kisha akaendelea na safari yake ya shamba. Usimcheke. Yeye angalau aliangalia.

Bwana Kibindo alifika kabla ya mchana pamoja na mwalimu mmoja wa nidhamu. Hawakwenda kuangalia ukuta. Walikwenda kuangalia kioo. Walikipiga picha. Walipima urefu wake. Bwana Kibindo alisikitika kwa dhati, akamwambia Tunu kwamba mwanzo alidhani ni suala dogo la kusomesha watoto wakiwa wamekaa, kumbe ni zito. Kifaa cha kigeni, kilichotolewa na raia wa kigeni kikiwa kimefichwa ndani ya nguo, kimebandikwa kwenye ukuta wa serikali kwa lengo la kuchunguza mwenendo wake.

"Mwalimu, umeupeleleza ukuta," alisema.

"Ukuta unatembea, bwana afisa. Kioo kimepasuka."

"Kimepasuka kwa uzembe. Cha kwetu hakitapasuka."

Na kweli alikuja nacho. Alikitoa mfukoni: kipande cha bati, kimepakwa rangi ya samawati inayong'aa kidogo, kina muhuri wa Wizara na maneno Kioo cha Taifa. Kilipigiliwa misumari juu ya ufa, nyundo ikigonga, mchanga ukimwagika kutoka darini. Kisha watoto wakapangwa mstari, wakaingizwa ndani. Wa zamu akaambiwa akague. Akainama. Akatazama lile bati, akamtazama mwalimu wake aliyekuwa ameshikwa mkono mlangoni, akamtazama Bwana Kibindo.

"Kizima," alisema, kwa sauti ya kuulizia.

Tunu amewekwa mahabusu ya wilaya. Kesi yake haina tarehe, kwa kuwa upande wa mashtaka unangoja mtaalamu wa vioo. Nilichoambiwa na waliompelekea chakula ni kwamba hali chakula vizuri, na kila anayekwenda kumwona, Tunu humuuliza neno moja tu: ukuta bado umesimama?

Tarehe iliyopo ni nyingine. Uzinduzi wa ukuta mpya wa Darasa la Tatu, Shule ya Msingi Kisukusuku, umeshapangwa. Utepe umenunuliwa. Kibao cha shaba kimeshachongwa jina, nawe unalijua, na kikundi cha ngoma kinafanya mazoezi. Kadi za mwaliko zimetoka. Maandalizi yote yamekamilika, na kilichobaki ni ukuta wa sasa kuanguka.

Nimesema nchi hiyo si yetu. Sasa acha kunitazama mimi. Hizi ni saa za masomo. Shule iko nyuma ya nyumba yako, ile unayopita kila siku, na bati limepigiliwa pale, linang'aa, na asubuhi hii mtoto amelitazama akasema kizima. Usiandike malalamiko. Usiunde kamati. Usimngoje jirani, naye anakungoja wewe. Weka chini hii karatasi, vaa viatu, au usivae, nenda. Ingia darasani bila hodi. Mtu akikuuliza kibali mpite. Waambie watoto watoke wote, polepole, wasikimbie, wasiguse kitu.

Anza na wale walioegemea.